Kijiji, Mji, Jiji: Uhakiki wa Lugha ya Kupandisha Hadhi katika Serikali za Mitaa, kwa Kuitazama kutoka Mpuguso

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumika nchini Tanzania wakati mamlaka ya serikali ya mitaa inapotangazwa kuwa na daraja jipya: kijiji kuingizwa katika mji mdogo, mji mdogo kuwa mji, manispaa kuwa jiji. Data zimetokana na istilahi za sheria, muundo wa maswali na majibu bungeni, na matamko ya hadharani yanayojulikana. Hoja kuu ni kwamba kirai tenzi *kupandisha hadhi* kina sarufi inayowaondoa wakazi katika tendo linalowahusu na kuficha kile kinachokoma siku hadhi inapopanda. Kata ya Mpuguso, jirani na mji wa Tukuyu wilayani Rungwe, imechukuliwa kuwa mahali pa kuipimia hoja hiyo.

Utangulizi

Tarehe 26 Aprili 2018, katika maadhimisho ya miaka 54 ya Muungano yaliyofanyika Dodoma, Rais John Magufuli alitangaza kwamba Manispaa ya Dodoma imekuwa jiji. Mwezi Septemba mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kutangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulikwisha kufanywa na TANU tarehe 1 Oktoba 1973. Kwa hiyo, ndani ya miaka 45, mji mmoja ulitamkwa mara tatu: na chama, na Rais, na Bunge. Mwanasheria ataeleza kwamba matamko hayo hayafanani, na kwamba jiji na makao makuu ni mambo mawili. Ni kweli. Hata hivyo, mwanaisimu ana swali jingine. Katika Nadharia ya Vitendo Uneni iliyoasisiwa na Austin (1962) na kuendelezwa na Searle, tamko lililotimiza masharti yake hubadili hali ya mambo papo hapo, na halihitaji kurudiwa. Mtoto hapewi jina mara tatu. Tamko linaporudiwa na mamlaka tofauti, ni dalili kwamba wazungumzaji wenyewe wana shaka kama lile la kwanza lilishika.

Wahakiki wa Kiswahili wameandika mengi juu ya hotuba za kisiasa, majigambo, nyimbo za kampeni na khanga. Lugha ya utawala wa mitaa haijapata bahati hiyo. Huenda ni kwa sababu inachosha kuisoma. Huenda ni kwa sababu inadhaniwa kuwa tafsiri tu ya Kiingereza cha sheria. Dhana hii ya pili haina msingi, kama mjadala wa mzizi mmoja mfupi utakavyoonyesha.

Mzizi mmoja, madaraja matatu

Maneno *kijiji*, *mji* na *jiji* yana mzizi mmoja, *-ji*. Katika *mji* mzizi huo umepachikwa kiambishi cha ngeli ya *m-/mi-*. Katika *jiji* umepewa *ji-* ya ukubwa, na katika *kijiji* umepewa *ki-* ya udogo pamoja na *ji-* ambayo mizizi ya silabi moja huihitaji. Mpangilio ni uleule wa *mtu, jitu, kijitu*. *Mti, jiti, kijiti*. *Mto, jito, kijito*. Ngazi tatu za utawala ambazo mtunga sheria wa 1982 alizigawa katika Sheria Na. 7 ya mamlaka za wilaya na Sheria Na. 8 ya mamlaka za miji, mzungumzaji wa Kiswahili huzisikia kama nomino moja inayokuzwa na kudunishwa. Kiingereza hakina kitu cha namna hii, kwa kuwa maneno yake ya kijiji, mji na jiji hayana undugu wa kimofolojia. Madai kwamba istilahi hizi ni tafsiri yanakwama hapo.

Mzizi wenyewe haukuwa na ukubwa wala udogo. Katika Kichewa, ng'ambo ya mpaka wa kusini wa nchi ya Wanyakyusa, *mudzi* ni kijiji. Katika Kizulu *umuzi* ni boma la familia. Katika Kiswahili cha pwani *mji* uliweza kuwa makazi ya watu wachache wenye msikiti na makaburi yao. Tena kamusi zimehifadhi *mji* kwa maana ya tumbo la uzazi, maana ambayo itarejewa hapa chini. Ni utawala uliolifanya neno hili liwe cheo.

Katika Kiswahili, ukubwa na udogo wa kimofolojia mara nyingi huambatana na hisia. *Jitu* ni la kutisha na *kijitu* ni cha kudharauliwa. *Jiji* limeepuka dharau hiyo, kwani hakuna anayelisikia kuwa ni mji uliovimba kupita kiasi, ingawa mkazi wa Dar es Salaam aliyekwama kwenye foleni ya Mbagala angeweza kuitetea maana hiyo. *Kijiji* nacho kimezoeleka hata udogo wake umelala. Lakini haukufa. Huamka pale mtu anapotaka kubeza, aseme mahali fulani *bado ni kijiji*. Neno *bado* ndilo linalofanya kazi: linadhania kwamba kila kijiji kiko safarini, na kwamba mwisho wa safari unajulikana.

Istilahi *mji mdogo* ni ya kuvutia zaidi. Mtunga sheria alipohitaji jina la makazi yaliyo kati ya kijiji na mji, kiambishi cha udogo kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa. Ikabidi atumie kivumishi. Tukuyu, makao makuu ya Rungwe, ni Mamlaka ya Mji Mdogo. Kivumishi *-dogo*, tofauti na *ki-*, huishi na *-kubwa* sokoni na nyumbani, mdogo hukua. Anayeitwa mdogo huulizwa atakua lini, na swali hilohilo ndilo linaloulizwa bungeni.

Swali la "lini"

Msomaji wa Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge hukutana mara kwa mara na swali lenye umbo lisilobadilika: mbunge anauliza ni lini Serikali itaupandisha hadhi mji mdogo fulani uwe halmashauri ya mji, au halmashauri ya mji fulani iwe manispaa. Kiulizi *lini* hubeba dhanio kwamba jambo litafanyika na kilichobaki ni tarehe. Kuuliza *je* kungefungua mjadala, na kuuliza *kwa nini* kungedai sababu. Mbunge anachagua *lini* kwa kuwa swali lake pia ni ahadi kwa wapigakura wake, na ahadi haiwezi kutolewa kwa *je*.

Jibu nalo lina umbo lake. Waziri au naibu wake hueleza kwamba maombi huanzia katika vikao vya chini: mkutano mkuu wa kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata, Baraza la Madiwani, Kamati ya Ushauri ya Wilaya, Kamati ya Ushauri ya Mkoa, kisha wizara yenye dhamana ya serikali za mitaa. Orodha hii husomwa kana kwamba ni kizuizi: rudini mkaanze upya. Iko haja ya kuisoma kinyume chake. Kisheria na kiutaratibu, msemaji wa kwanza katika mlolongo huu ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote watu wazima waliokaa chini ya mti au katika darasa la shule ya msingi. Wao ndio wanaoanza kusema. Siku ya sherehe, lakini, hakuna kitenzi kinachowabeba.

Sarufi ya kupandisha

Tutazame kitenzi chenyewe. *Pandisha* ni kauli ya kutendesha ya *panda*. Hakuna anayesema kwamba mji *umepanda* hadhi kwa nguvu zake, mji *unapandishwa*. Katika sentensi ya kawaida ya taarifa ya habari, *Rais ameipandisha hadhi Manispaa*, kuna yambwa mbili. Kinachopanda kimaana ni hadhi, lakini kiambishi *-i-* ndani ya kitenzi kinarejelea Manispaa. Muundo huu ni uleule wa *amemvunja mkono* au *wamemnyoa nywele*: kitu kinachoguswa ni kiungo, ila sarufi inamtanguliza mwenye kiungo. Kiswahili hutumia muundo huu hasa kwa vitu visivyotengana na mwenyewe. Hadhi, basi, inasemwa kama kiungo cha mwili wa mji. Haionekani kuwa makubaliano kati ya watu, wala mgawo wa madaraka na kodi.

Mwenye mwili ni mji, na mpandishaji ni Rais au Serikali. Wakazi hawapo katika nafasi yoyote ya sentensi. Wanaweza kuongezwa kwa kirai cha *kwa manufaa ya*, lakini huo ni mkia unaokatwa bila sentensi kuharibika. Sentensi ikigeuzwa kuwa kauli ya kutendwa, *mji umepandishwa hadhi*, hata mpandishaji hutoweka na tendo linabaki kama hali ya hewa.

Inafaa kuongeza kwamba *ngazi* katika Kiswahili ni chombo cha kupandia na pia ni daraja la utawala. Lakoff na Johnson (1980) wamefundisha kwamba ubora huelekea kusemwa kama kuwa juu. Kiswahili kimeenda hatua moja mbele, kimeuweka muundo mzima wa dola kwenye ngazi ya mti: ngazi ya kitongoji, ngazi ya kijiji, ngazi ya kata. Walimu wanafunzi wa Chuo cha Ualimu Mpuguso, kama wenzao wa vyuo vingine, hujiandaa kwenda kuwachorea watoto ngazi hiyo ubaoni. Katika mchoro wa namna hiyo kijiji hukaa chini. Kwamba kijiji kina chombo ambacho daraja la juu yake halina ni jambo ambalo mchoro hauwezi kulionyesha.

Tena ngazi hii husemwa kuwa ya kwenda juu tu. *Kushusha hadhi* kupo katika lugha, lakini si msamiati wa Serikali kwa mamlaka zake. Tarehe 24 Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa jiji. Vitenzi viwili, *kuvunja* na *kupandisha*, vilikaa katika tangazo moja. Chombo hakishushwi, huvunjwa, na jina lake huhamia kwingine. Matokeo yake ni ya kisemantiki kuliko ya kiutawala: kisheria Jiji la Dar es Salaam sasa ni eneo lililokuwa Ilala, ilhali mkazi wa Temeke au Kinondoni anaendelea kusema anaishi jijini. Tamko limebadili sheria bila kubadili matumizi, na ni vigumu kusema kwamba mkazi huyo amekosea Kiswahili.

Kinachokoma

Hapa ndipo Mpuguso inapotoa msaada. Ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe, yenye migomba, chai, kahawa na sasa parachichi, na iko karibu na Tukuyu kiasi kwamba swali la mji kupanuka si la kinadharia kwa majirani wa namna hii. Chukulia, kwa ajili ya hoja tu, kwamba mji jirani unapandishwa hadhi na mpaka wake unasogezwa hadi kumeza kijiji cha wakulima. Habari itasema kwamba kijiji kimepanda. Sheria itasema nini?

Kijiji kilichosajiliwa nchini Tanzania ni mtu wa kisheria. Kina halmashauri yake inayoweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri hiyo husimamia ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa wakazi una kauli katika ugawaji wake. Hatimiliki za kimila hutolewa hapohapo kijijini. Mtaa wa mjini una mwenyekiti, una kamati, una mkutano wa wakazi, lakini si mtu wa kisheria, na usimamizi wa ardhi hauko mikononi mwake. Ndani ya mji mdogo eneo hugawanywa katika vitongoji, na halmashauri ya kijiji haina nafasi tena. Baadhi ya halmashauri za miji huendelea kuwa na vijiji ndani yake kwa muda, jambo linaloonyesha kwamba hata sheria inaitambua tofauti hii kuwa nzito. Kijiji kinapogeuzwa kuwa mtaa au kitongoji cha mjini, kinachokoma ni chombo ambacho wakazi walikuwa na uwezo wa kukiambia *hapana* kuhusu shamba.

Kitenzi *kupandisha* hakiwezi kulisema hilo. Kimantiki, anayepanda hapotezi kitu isipokuwa mahali alipokuwa. Mkulima aliyezoea kuitwa mkutanoni kuamua juu ya ardhi, kisha akaanza kupokea barua ya kodi ya pango la ardhi, atajua kwamba kuna kitu kimeondoka, lakini hatakuwa na neno rasmi la kukitaja kwa kuwa neno rasmi ni *kupanda*. Atalalamika, na atajibiwa kwamba mji umekua.

Haifai, hata hivyo, kukigeuza kijiji kuwa kitu cha asili kilichoharibiwa na dola. Vijiji vingi vya Tanzania vyenyewe ni zao la tamko, kwani viliandikishwa chini ya Sheria Na. 21 ya 1975 baada ya watu kuhamishwa, na riwaya ya Kezilahabi, *Gamba la Nyoka* (1979), iliona mapema tofauti kati ya kijiji kinachotangazwa na kijiji kinachokaliwa. Wala haifai kudhani kwamba wanaoomba hadhi wamedanganywa. Halmashauri mpya huleta ofisi karibu, mapato yanayosimamiwa hapohapo, barabara, mara nyingine hospitali. Uhakiki wa usemi una tabia ya kuona njama kila palipo na kauli ya kutendwa. Hapa hakuna njama. Kuna msamiati mfinyu unaotumiwa na watu waaminifu na wasio waaminifu vilevile.

Lugha nyingine zilizopo

Kwamba msamiati mwingine unawezekana kunaonekana Rungwe kwenyewe. Halmashauri ya Wilaya ya Busokelo, yenye makao yake Lwangwa, ilipotengwa kutoka Rungwe katika muongo wa 2010, haikusemwa kupanda. Maeneo ya namna hii *huzaliwa*, na ile ya zamani huitwa *halmashauri mama*, kama Mbeya ilivyoitwa mkoa mama baada ya Songwe kutengwa mwaka 2016. Sitiari ya uzazi, ambayo kwa sadfa ya kupendeza inaigusa ile maana ya pili ya *mji*, ina uaminifu ambao ngazi haina. Uzazi una pande mbili na una uchungu. Ndiyo maana katika mijadala ya kugawanya halmashauri husikika *mgawanyo wa mali na madeni*, kirai ambacho hakitamkwi kabisa katika kupandisha hadhi. Mama na mtoto wanaweza kudaiana, lakini hakuna adaiye ngazi.

Kabla ya hapo Wanyakyusa walikuwa na ibada ya *ubusoka*, kutoka nje, ambayo Monica Wilson aliieleza kwa kina katika *Good Company* (1951). Kizazi kipya cha vijana na machifu wao kilitolewa hadharani, moto wa zamani ukazimwa na mpya kuwashwa, miti ikapandwa, na nchi ya chifu mzee ikagawanywa. Mwenye kusikia Kinyakyusa hawezi kukosa kuona jinsi jina *Busokelo* linavyofanana na *ubusoka*, ingawa ufanano wa umbo peke yake si ushahidi wa asili. Lililo muhimu kwa hoja hii ni kwamba ibada ile haikuficha gharama. Chifu mzee alitarajiwa kufa muda si mrefu baada ya ubusoka. Kutoka kwa mmoja kulikuwa kuondoka kwa mwingine, na wote waliohudhuria walilijua hilo. Wakuu wa vijiji, amafumu, walikuwa watendaji katika tendo hilo. Hawakuwa wageni waalikwa. Si utaratibu wa kurudishwa: ulikuwa wa wanaume, utawala wa Waingereza ulikwisha kuubadili, na uchifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963. Kinachobaki cha kujifunza ni cha kipragmatiki. Sherehe ya mpaka inaweza kuwa na sehemu ya kutamka hasara na bado ikawa sherehe.

Kenya inatoa mfano wa upande mwingine. Nairobi ilifanywa jiji kwa hati ya kifalme tarehe 30 Machi 1950, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, Fred Kubai na Makhan Singh miongoni mwao, waliwataka Waafrika wasusie sherehe. Kususia ni jibu kamili la kipragmatiki. Tamko linahitaji hadhira inayolipokea, na hadhira ikikataa, sharti moja la ufanisi limeondoka. Siku hizi sheria ya 2011 inataka Seneti ipitishe azimio kabla ya Rais kutoa hati. Ndivyo Nakuru ilivyokuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na Eldoret tarehe 15 Agosti 2024. Azimio la Seneti linaweka angalau kikao kimoja cha hadharani ambamo *hapana* inaruhusiwa kisarufi. Lakini picha iliyobaki katika kumbukumbu za watu ni ya Rais akikabidhi hati, na magazeti ya Kiswahili ya Kenya yaliandika, kama ya Tanzania, kwamba mji umepandishwa hadhi.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini Tanzania, suala hili limeacha kuwa la wahariri wa magazeti peke yao. Kirai ambacho jana kilikuwa cha jukwaani kinaweza kesho kuwa ndani ya hati iliyochapishwa katika Gazeti la Serikali. Wanaisimu wanaoshirikishwa katika kazi ya kusanifu istilahi za sheria wangefanya vyema kuanza na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, hati ya kwanza katika mlolongo wote. Hoja inayopelekwa kwa wakazi kwa kawaida ni moja: kuridhia kupandishwa hadhi. Inaweza kuandikwa kwa vitenzi viwili, kwamba eneo *litakuwa* sehemu ya mji na kwamba halmashauri ya kijiji *itakoma*. *Kukoma* si neno geni. Wanasheria wa Tanzania hulitumia kila siku kwa mikataba, dhamana na uanachama. Mkulima wa Mpuguso akilisikia likisomwa kabla ya kunyoosha mkono, anaweza bado kuunyoosha.